Mteja wa Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa na joto. Mama Pacha, muuzaji mkongwe kuliko wote katika ofisi ile, alikishika ili akisogeze apite, akaurudisha mkono wake haraka.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa amekaa. Mlango ulikuwa umefunguliwa dakika tatu zilizopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Meneja, aliyekuwa anaandika majina ubaoni, hakugeuka. "Ni jua hilo," akasema. "Kaeni tuanze." Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo, na dirisha la chumba kile halikuliona mpaka alasiri. Lakini Meneja akishasema ni jua, basi ni jua, na kazi inaendelea.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kawaida, miguu ya chuma na sponji nyekundu iliyochakaa kidogo pembeni. Kampuni ile iliuza nyumba mpya, arobaini na mbili, zilizojengwa kwa mistari kwenye kilima nje ya mji, na mwenye kampuni alitaka zote ziwe zimepata watu kabla mwaka haujaisha. Meneja alipewa wauzaji wanne na ubao mmoja. Aliamini muuzaji ni kisu, asiponolewa hakati, na jiwe lake la kunolea lilikuwa kiti hicho. Yule ambaye jina lake lilikuwa mkiani mwa ubao wiki hiyo alitakiwa kila asubuhi kusimama mbele ya kiti kitupu, wenzake wakitazama, na kukiuzia nyumba. Akisalimie. Akiulize habari za nyumbani. Anyamaze angoje jibu, kisha ajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Na mwisho aseme maneno ambayo Meneja aliyaandika ukutani kwa mkono wake: *Karibu. Hii ni nyumba yako. Ingia wakati wowote.*

Ilibidi yasemwe kwa sauti na kwa moyo. Ukiyasema kama mtu anayesoma risiti, Meneja alipiga makofi mara moja na kukuambia, "Rudia. Mteja hajaamini." Redio, muuzaji aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza, aliwahi kusimama pale wiki moja tu. Aliona haya mpaka akauza nyumba mbili kabla ya Jumamosi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia Meneja kwamba mchezo ule si mzuri.

Sasa, aliyesimama mbele ya kiti siku ile kilipokutwa na joto alikuwa na wiki ya kumi na moja mfululizo. Walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na alikuwa mdogo wake Meneja, tumbo moja. Kosa lake kubwa lilikuwa kusema kweli. Wateja wakiingia kwenye nyumba nzuri, sebule inang'aa, yeye anawaambia, "Ila mvua ikija na upepo, bafu la juu linavuja." Watu wanamshukuru sana, wanamwombea maisha marefu, wanaondoka.

Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minne na Meneja kumi na mitano. Baba alikuwa ameshawakimbia kitambo. Yule msichana wa miaka kumi na mitano alifua nguo za watu huku mtoto yuko mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu kwenye kizingiti cha chumba cha kupanga, akalala miaka mingi na mkono wake juu ya kifua cha mtoto ili ajue kama anapumua. Wachumba wawili walikuja, wakamwona mtoto, wakakumbuka kwamba wana safari. Hakuwalilia. Kila jioni, hata siku ambazo sufuria ilikuwa na chakula cha mtu mmoja, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Umekula, mdogo wangu?" Kisha anamwambia amsimulie siku yake yote, na yule mtoto anasimulia, na yeye anaitikia, "Ehe? Kisha?" mpaka usingizi unawachukua wote wawili.

Hayo ni ya zamani. Siku alipomwingiza kazini, alimsimamisha kwenye korido akamnong'oneza, "Hapa mimi si dada yako. Hapa mimi ni Meneja. Sitaki watu waseme nakubeba." Kitinda akajibu, "Sawa, Meneja." Jioni ile nyumbani alipowekewa sahani, akasema, "Asante, Meneja." Dada mtu akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Kijana alikuwa mtii tangu utoto, na aliambiwa neno akalichukua zima. Na dada naye alikuwa anarudi amechoka, kichwa kimejaa namba za nyumba, kwa hiyo akaacha liwe hivyo. Wiki zikapita. Jioni akawa haulizi tena kama amekula. Anauliza, "Leo umepigia simu wateja wangapi?"

Basi asubuhi ile Kitinda akasimama. Mama Pacha alikaa mbali na kiti, mkono aliokishikia ameuweka kwapani.

"Karibu, mteja wetu," Kitinda akaanza. Akanyamaza. Kwa kawaida alinyamaza akitazama sakafu. Leo alitazama mbele, juu kidogo ya mgongo wa kiti, penye uso wa mtu aliyeketi. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Jua la asubuhi linaingia chumba cha nyuma." Akanyamaza tena. "Hapana, upande huo hakuna majirani bado. Pametulia sana. Utapumzika."

"Aa, leo mwenzetu kaamua!" Redio akacheka. "Hebu muulize ana shilingi ngapi!"

Kiti kikalia. Kililia kile kilio kifupi cha chuma kinapolemewa, mtu mzito anapojisogeza ili asikie vizuri. Redio akafunga mdomo, na kama nilivyosema, hilo halikuwa limewahi kutokea. Harufu ikapita chumbani, harufu ya chokaa mbichi na maji yaliyotuama, ya nyumba iliyofungwa madirisha muda mrefu.

"Karibu," Kitinda akamalizia taratibu. "Hii ni nyumba yako. Ingia wakati wowote."

Safari hii Meneja hakupiga makofi. "Hapo ndipo ninapopataka," akasema. "Mmesikia? Huo ndio moyo."

Alhamisi ya wiki hiyo Kitinda akauza nyumba. Wiki iliyofuata mbili. Baada ya wiki tano zilikuwa tisa, na jina lake lilikuwa juu ya ubao mpaka majina ya wengine yakaonekana kama ya watoto wa jirani. Wateja wake walitia saini bila maswali, na wote walisema jambo moja kwa namna tofauti: walipofika mlangoni waliona kana kwamba kuna mtu ndani ameshawaandalia mahali. Meneja alifurahi furaha ambayo hakuwa ameipata miaka mingi. Mdogo wake amefaulu, na hakuna mdomo mjini utakaosema alibebwa. Alimsimamisha mbele ya wenzake awaeleze siri yake. Kijana akatabasamu tu, akasema, "Nasikilizwa."

Jambo moja lilikuwa geni. Sasa alikuwa kinara, hakupaswa kusimama tena mbele ya kiti. Akaomba aachiwe. "Nimezoea, Meneja," akasema. Na kila asubuhi alikisemesha kwa sauti ya chini zaidi, mpaka wenzake wakawa hawasikii maneno, wanasikia tu kwamba anakiita dada. Meneja akamsahihisha. "Mteja haitwi dada. Mteja anaitwa mheshimiwa." Kijana akamtazama kwa upole, akasema sawa, na kesho yake akakiita dada.

Mama Pacha alimfuata Meneja chooni, mahali pekee ambapo wanawake wa ofisi ile waliweza kusema.

"Meneja, yule mtoto hali."

"Anakula nyumbani."

"Umemwona akila?"

Meneja akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nyumbani Kitinda alisema siku zote kwamba ameshakula.

"Mkanda wake ametoboa matundu matatu mapya," Mama Pacha akanong'ona. "Kucha zake zimekuwa za bluu. Na kile kiti, mimi nimelea pacha, nalijua joto la mwili wa mtu. Lile si la jua. Mwondoe pale, nakuomba, mwondoe."

"Mama Pacha," Meneja akasema, "au una wivu?"

Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya hata kabla halijatoka mdomoni. Mama Pacha alichukua mkoba wake akatoka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakuchelewa kuzaliwa.

Siku mbili baadaye, saa kumi na moja jioni, Meneja alikwenda kwenye ubao wa funguo, akaona kulabu ya namba kumi na saba ni tupu. Nyumba hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa juu, haijauzwa, na hakuna aliyekuwa ameandika kwamba anampeleka mteja. Akageuka kumuuliza Kitinda. Kitinda hakuwapo. Akatazama mahali pa kiti. Kiti hakikuwapo.

Alipanda kilima kwa miguu, viatu mkononi, mawingu ya mvua yakiwa yameshaziba jua. Nyumba zilizouzwa zilikuwa na mapazia na nguo kwenye kamba. Kumi na saba ilikuwa na madirisha matupu. Mlango haukufungwa.

Harufu ya chokaa na maji yaliyolala ilimpokea kwenye kizingiti, akaingia polepole, akiwa na nia ya kuita kwa ukali kama bosi anayemfumania mfanyakazi, lakini hakuita, kwa sababu kutoka chumba cha nyuma alisikia watu wawili wakizungumza, mmoja ni mdogo wake, na wa pili ni msichana mwenye sauti ya kuchoka na ya upendo, sauti aliyokuwa anaijua mahali fulani ndani ya mifupa na bado hakuweza kusema ni ya nani, akawa anatembea na mkono ukutani, ukuta una unyevu, sauti inazidi kuwa karibu, mpaka ile sauti ikauliza, "Umekula, mdogo wangu?" naye akaegemea ukuta pale koridoni kwani ilikuwa sauti yake mwenyewe, si hii ya sasa iliyokauka kwa vikao na simu, ila ile ya kwenye chumba cha kupanga, ya miaka kumi na mitano, ya mikono inayonuka sabuni ya nguo za watu.

"Nimekula, dada," Kitinda akajibu.

"Haya nisimulie siku yako. Yote. Mimi nina nafasi."

Meneja alichungulia. Mdogo wake alikuwa ameketi sakafuni, amevua viatu, amekumbatia magoti. Mbele yake kilikuwa kile kiti chenye sponji nyekundu. Juu ya kiti hakukuwa na mtu. Lakini sponji ilikuwa imebonyea mpaka chini.

Kijana alisimulia. Kwamba asubuhi alimwona paka na watoto wanne chini ya gari. Kwamba mteja mmoja alifanana na mwalimu wake wa darasa la tatu. Kwamba Redio alimwazima mwavuli. Mambo madogo, ambayo hayana faida kwa mtu yeyote, na kila alipotua, ile sauti ilisema, "Ehe? Kisha?" Na kila alipoendelea, mashavu yake yaliingia ndani kidogo, mbele ya macho ya dada yake, kana kwamba maneno yalitoka na nyama.

Meneja alijaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye mwenyewe kumwambia mdogo wake *kisha?* Hakukumbuka. Aliona aibu kubwa, na aibu hiyo ilimuuma kuliko woga.

Ndipo sponji ikasogea. Lile bonyeo likageuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Meneja amekuja," ile sauti ikasema. "Mwambie karibu."

Kitinda akainua macho. Yalikuwa ya adabu kabisa. "Samahani, Meneja. Nina mteja."

Alimrukia, akamshika mabega ili amtoe, na mabega yakawa mepesi mikononi mwake, mifupa tu ndani ya shati. Hakuweza kumnyanyua hata hivyo. Kijana alikuwa mwepesi, lakini alikuwa amekamatwa sakafuni kama msingi wa nyumba. Basi dada mtu akakaa chini akamkumbatia hivyo hivyo, akatoa simu kwa mkono mmoja, akampigia mtu pekee aliyekuwa amemwonya.

"Mama Pacha," akasema huku analia, "nisamehe. Njoo kumi na saba. Njoo na mtu anayejua mambo haya."

Mama Pacha hakuuliza samahani ya nini. Alikuja mbio na fundi wa mapazia. Mapazia yote ya kilima kile yalishonwa na mzee huyo, na yeye ndiye aliyekataa, miezi miwili nyuma, kupima madirisha ya kumi na saba. Alifika na futi ya kitambaa shingoni na chaki mfukoni, ameacha cherehani inawaka.

"Mimi kazi yangu ni pazia," akasema, akivua viatu mlangoni. "Hii nyingine nilirithishwa na mama yangu, sikuiomba. Kwa hiyo msinitarajie mambo makubwa. Na msiseme neno mpaka niwaambie."

Akawasha udi kwenye kifuniko cha kopo la rangi, akaketi uso kwa uso na kiti.

"Nani alikukaribisha?" akauliza.

"Huyu," ile sauti ikajibu, na safari hii ilitoka kinywani mwa Kitinda, sauti ya msichana ndani ya midomo ya kijana. Mama Pacha aliziba mdomo wake kwa kanga. "Sikuvunja mlango. Nilikuwa napita. Asubuhi zaidi ya sitini niliambiwa karibu, hii ni nyumba yako, ingia wakati wowote. Tena kwa moyo. Yule pale alikuwa anapiga makofi mpaka isemwe kwa moyo."

Yule pale alikuwa Meneja. Aliinamisha kichwa.

"Nyumba zilikuwa tupu arobaini na mbili," fundi akasema. "Ungechukua mojawapo. Mbona umekaa ndani ya mtoto wa watu?"

"Nyumba za mawe zina baridi. Huyu alikuwa na chumba kizuri, kimefagiliwa, kina mto na shuka, na hakina mtu. Kulikuwa na mwanamke anakaa humo. Alihama. Hata sauti yake aliiacha, nikaivaa." Kisha ikasema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Mimi nampenda. Namsikiliza. Nani mwingine anamsikiliza?"

Udi ulipanda wima, ukafika usawa wa kiti, ukakatika.

Fundi akageuka, akamnong'oneza Meneja. "Nitakwambia ukweli, maana naona nyinyi mnauza nyumba na ukweli mnausikia kwa nadra. Jini hakai chumba chenye mtu. Hiki alikikuta wazi. Anampenda kama anavyosema, lakini anamla, hajui kupenda kwa namna nyingine. Huyu kijana hamalizi wiki."

"Mtoe," Meneja akasema. "Mtoe sasa hivi."

"Sikiliza kwanza. Akitoka anatoka na alichokalia. Chumba kizima. Mdogo wako atapona, atakula, atafanya kazi, atawajua watu wake. Wewe hatakujua. Si kwamba atakusahau ili siku moja akukumbuke. Mahali pako hapatakuwapo."

"Nitamweleza. Nitamwonyesha picha, nitamsimulia tangu mwanzo."

"Ukimsimulia, ataanza kupatafuta. Na yule aliyetoka napo anaijua njia ya kurudi. Siku utakayomwambia wewe ni nani, ndiyo siku utakayomzika." Fundi alimtazama kwa huruma. "Ukipenda, tusimtoe. Atakufa akikujua. Wewe ndiye ndugu, useme."

Mvua ilianza kugonga bati. Meneja aliwaza jambo moja tu, mkono wake juu ya kifua cha mtoto wa miaka minne, kifua kinapanda, kinashuka. Hakuwa amekaa macho miaka yote ile ili akumbukwe. Alikaa macho ili mtoto apumue.

"Naweza kusema naye kwanza?"

"Sema. Atasikia. Hatabaki nayo."

Akausogeza uso wake karibu na uso wa mdogo wake.

"Mdogo wangu," akasema. "Nilihama. Ni mimi niliyehama, wewe hukunifukuza. Niliogopa maneno ya watu nikakuacha peke yako ndani ya nyumba ile ile tunayolala. Nisamehe. Nilikuwa najivunia kila ulipowaambia wateja ukweli. Sikukwambia hata siku moja."

Macho ya Kitinda yalitikisika. Kitu kikapanda kutoka chini sana, na kwa kitambo kidogo ile midomo ikawa yake.

"Dada?" akasema, kwa sauti yake. "Nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri. Tangu siku ya kwanza."

Kijana akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyepewa ruhusa ya kulala. Meneja akamgeukia fundi. Akaitikia kwa kichwa.

Fundi aliita jina ambalo hawakulielewa, mara tatu, akapiga sakafu kwa kiganja. Madirisha ya mstari mzima wa juu yalitetemeka. Sponji ya kiti ikainuka polepole, ikarudi ilivyokuwa. Kisha wakasikia nyayo. Zilitoka chumba cha nyuma, zikapita kati yao, zikashika korido kuelekea mlangoni. Wote watatu walikubaliana baadaye kwamba zilikuwa za watu wawili: msichana anayetembea kwa haraka, na mtoto mdogo anayekimbia kumfuata huku akicheka. Kicheko hicho Meneja alikijua. Alinyoosha mkono ili akishike, akashika hewa, na mlango wa mbele ukafunguka na kujifunga.

Harufu ya chokaa ikaondoka nayo. Palibaki harufu ya mvua.

Kitinda alikohoa. Akafungua macho, akamtazama mmoja baada ya mwingine. "Mama Pacha, mbona unalia? Fundi, na wewe upo?" Rangi ilikuwa inamrudia midomoni. Kisha akamwona mwanamke aliyempakata, akaona aibu, akajinasua kwa heshima, akasimama kwa kujikongoja na kunyoosha shati lake.

"Karibu sana, mama," akamwambia. "Umekuja kuona nyumba?"

Mama Pacha alimshika Meneja kiuno ili asianguke.

Meneja aliacha kazi wiki hiyo hiyo. Mama Pacha akapewa timu, na jambo lake la kwanza lilikuwa kupaka rangi ukuta wenye yale maneno na kutupa kiti jalalani, kimevunjwa miguu. Kitinda akahamia chumba cha uani kwa Mama Pacha. Dada yake alipanga hivyo kwa siri, akampelekea nguo zake zote kupitia Mama Pacha, amezipiga pasi yeye mwenyewe, pamoja na ujumbe kwamba ni za mkopo wa kampuni, ili kijana asiulize zilikotoka. Alinenepa. Alirudi mkiani mwa ubao, na hakuna aliyemwadhibu kwa hilo.

Baada ya miezi mitatu aliyekuwa Meneja alilazimika kurudi ofisini kuchukua barua yake ya kumaliza kazi. Alichagua saa ya chakula, akiamini hatamkuta mtu. Kitinda alikuwa peke yake. Akamletea maji ya kunywa, akavuta kiti akaketi, maana hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akae peke yake.

"Wanasema wewe ndiye uliyekuwa bosi hapa kabla ya Mama Pacha," akasema. "Samahani, mimi niliugua, kuna mambo yalifutika."

"Nilisikia. Pole. Sasa unaendeleaje?"

"Vizuri, namshukuru Mungu. Ila kuna kitu kinanisumbua, mama, sijui hata kwa nini nakwambia wewe." Alikuwa anazungusha kifuniko cha kalamu vidoleni. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, hilo najua. Baba hakuwapo. Lakini mimi najua kupika, najua kufua nguo nyeupe zikatakata, najua kusema asante. Mtoto hajifunzi hayo mwenyewe. Kuna mtu alinilea. Kila nikijaribu kumwona, hapana kitu. Nimeuliza Mama Pacha, analia tu, hanijibu."

Mwanamke alishika bilauri kwa mikono yote miwili.

"Wewe ulikaa hapa miaka mingi, unajua watu," Kitinda akaendelea. "Hukuwahi kusikia mtu yeyote akiniulizia? Ndugu? Mtu yeyote?"

Kifua cha kijana kilikuwa kinapanda, kinashuka, ndani ya shati ambalo dada alikuwa amempigia pasi siku alipomhamisha.

"Hapana," dada akasema. "Sijasikia."

"Ukisikia, mwambie nipo. Mwambie kama tuligombana mimi sikumbuki, kwa hiyo aje tu."

Alimjibu kwamba atamwambia, akachukua barua yake, akatoka haraka bila kuaga, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema mdogo wangu.